Shati Lililotorokwa na Ndege

Siku ile kartoni ilipofika mtaa wa Bwiza, Shakuru alivaa shati lake la mahafali na viatu alivyovipaka rangi asubuhi, kana kwamba anakwenda kumpokea mgeni wa serikali. Aliibeba mwenyewe kichwani kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwao, akakataa kusaidiwa, ili majirani wote wapate nafasi ya kuuliza amebeba nini. Walipouliza aliwajibu kwa unyenyekevu mkubwa, ule unyenyekevu unaosikika mpaka nyumba ya tatu, kwamba ni mashati tu, yametoka kwenye intaneti.

Dada yake Fadhila alikuwa anamngoja sebuleni na kisu cha jikoni mkononi. Mama yao, Bi Saliha, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Alikuwa ameishi Bujumbura miaka mingi, ameona serikali zikiingia na kutoka, na kartoni moja haikumfanya aache mchele wake.

Fadhila alikuwa na meza ya nguo katika soko la Jabe. Zamani aliuza mitumba, ile ambayo watu wa mji huiita chagua, mpaka lori lililobeba balo zake za nguo lilipoviziwa na kuchomwa moto kwenye njia ya Bugarama. Dereva alipona kwa kukimbilia mashambani, lakini balo hazina miguu. Tangu hapo Fadhila aliogopa kila barabara inayotoka mjini. Ndipo Shakuru, aliyekuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na bado anangoja kazi, alipomjia na wazo.

"Kwenye intaneti hakuna ambuskade, dada," alimwambia. "Unaandika, wanatuma, ndege inateremsha. Hakuna mutu wa kukuvizia njiani."

Sentensi hiyo aliipenda mno. Aliirudia kila walipokaa kula, mpaka Fadhila akatoa mtaji wote uliobaki, na juu yake akauza cherehani.

Mashati yenyewe yaliitwa Korvelli. Yalikuwa ya Kitaliano, meupe, na kila moja lilitariziwa korongo mdogo wa bluu kifuani upande wa moyo. Watu waliorudi kutoka Ulaya kusalimia ndugu ndio waliokuwa wakiyavaa, na kule Rohero, mtaa wa wenye pesa, kijana akipita na korongo kifuani, hata mlinzi wa benki alimfungulia mlango kabla hajausukuma. Fadhila alikuwa ameshapata mteja kabla mzigo haujafika. Mzee Salvator, mtumishi wa wizara moja, alikuwa anamwoza binti yake kwa kijana wa familia iliyokimbilia Ubelgiji vita vilipoanza. Alitaka wanaume tisa wa upande wake wavae Korvelli siku ya wakwe kuja kuposa. Alitoa malipo ya awali, nayo yalimezwa na ushuru wa uwanja wa ndege. Fadhila alimwapia kwamba mashati ni orijino, kwa sababu mdogo wake, mwenye lisansi ya chuo kikuu, alimwambia hivyo.

Basi kartoni ikapasuliwa. Shati la kwanza lilitoka ndani ya nailoni likinuka dawa ya mende. Shakuru alilinyanyua kwa mikono miwili, akaligeuza kuelekea dirishani ili mwanga uliangukie vizuri. Mama aliinua macho kutoka kwenye mchele.

"Si ulisema ni korongo?"

"Ndiyo, Mama. Korongo."

"Mbona huyu ni kuku?"

Shakuru alicheka kidogo, kama msomi anavyomchekea mtu asiyejua. Alieleza kwamba sanaa ya kisasa haifuati maumbile, kwamba wachoraji wa Ulaya siku hizi wanafupisha shingo makusudi, na kwamba kile kilichoonekana kama kishungi cha jogoo bila shaka ni taji la korongo lililochorwa kwa ufupi. Alieleza kwa muda. Fadhila wakati huo alikuwa akifungua mashati mengine, moja baada ya jingine, akiyapanga juu ya mkeka. Ndege wengine walitazama kushoto, wengine kulia. Mmoja alionekana amekalia mayai. Fadhila alisukuma shati moja mbele ya mdogo wake, akaweka kidole juu ya ndege wake.

"Na huyu wa miguu mitatu?"

Shakuru aliinama akamtazama ndege yule kwa makini.

"Huyo anatembea," alisema.

*

Kesho yake Shakuru alikwenda Rohero, kwenye duka la intaneti alikoagizia mzigo, akakodi kompyuta iliyo karibu na ukuta ili asisomwe na watu. Alikuwa na hasira ya haki, na hasira ya haki ilikuwa ikimpendeza. Alimwandikia muuzaji barua ya Kifaransa safi, yenye vitenzi vya namna ambayo hata wenye lugha yao wameshavizika, barua ambayo mwizi yeyote mwenye moyo angeisoma akalia. Alipofika kwenye aya ya utu na biashara, umeme ukakatika. Akangoja jenereta iwashwe, akaandika upya, na mara hii akaona aya ya utu imekuwa nzuri zaidi.

Lakini barua ya mashtaka inahitaji ushahidi. Akafungua ule ukurasa wa muuzaji ili anukuu maneno yake mwenyewe na kumfunga nayo. Picha ya shati ikateremka polepole, kola kwanza, kisha vifungo, kisha korongo mwenye shingo ndefu. Chini ya picha kulikuwa na mstari aliokwisha kuujua kwa moyo: *Chemise Korvelli, réplique garantie*.

Mstari huo ndio uliomfanya amwamini muuzaji. Shakuru alikuwa amesomea tamthilia, na katika tamthilia *réplique* ni yale maneno ambayo mwigizaji mmoja anamjibu mwenzake. Kwa hiyo alipousoma mara ya kwanza aliwatafsiria wa nyumbani kwa fahari: hawa wanaahidi jibu la uhakika, yaani ukiwaandikia lazima watakujibu, hivyo ndivyo walivyo wafanyabiashara waaminifu. Mama aliguswa sana, akawaombea dua watu wale ambao wako mbali namna hiyo na bado wanajali kumjibu mtu wa Bwiza. Shakuru alishangaa kidogo kwamba tangu alipe hakuna aliyemjibu chochote, lakini akasema labda wana wateja wengi.

Sasa alikaa mbele ya neno lile na vidole vyake juu ya herufi, na neno likageuka polepole kama mtu aliyekuwa amekupa mgongo. *Réplique* ina maana ya pili. Ni nakala. Ni kitu kilichoigwa. Muuzaji aliandika waziwazi kwamba mashati yake ni ya kuiga, na akaweka dhamana kwamba ni ya kuiga kweli, wala si kwa bahati mbaya. Hakuwa amedanganya hata herufi moja. Katika ukurasa ule mzima mwongo alikuwa mmoja tu, naye ni mfasiri.

Akaifuta barua, pamoja na aya ya utu. Alipotoka nje jua lilimpiga usoni, akatembea mpaka Jabe kwa miguu, akitumaini njia itakuwa ndefu kuliko ilivyo.

*

Fadhila alimsikiliza huku akikunja suruali za watoto alizoazima kwa mwenzake ili meza isionekane tupu. Meza tupu katika soko la Jabe haikai siku nyingi. Akimaliza mwezi bila bidhaa, nafasi yake ingepewa mwingine, na waliokuwa wakiitamani walipita kila asubuhi wakimsalimia kwa upole wa kutisha.

"Kwa hiyo waliandika wenyewe ni feki," alisema.

"Waliandika."

"Na we ukatusomea ni jibu."

"Neno lina maana mbili, dada."

"Na katika mbili, lisansiye wetu akachukua ile ya kwenye ukumbi wa maigizo."

Shakuru alikubali kwa kichwa. Kisha akasema kwamba ni lazima Mzee Salvator aambiwe. Fadhila akasema apana. Mashati yangefika yamepigwa pasi, wageni wangekaa upande wao, na hakuna mkwe anayeinuka kwenda kumkagua mwenzake kifua. Siku ingepita. Yeye angepata salio lake, angenunua mzigo mdogo wa vitenge, na meza ingebaki.

Hapo Shakuru alitoa hotuba. Alisema nchi hii imechomwa na uongo wa wakubwa, na kwamba amani inayozungumzwa kwenye redio haitasimama ikiwa watu wadogo nao wataendelea kuwaita kuku korongo. Alisema kila mtu ajenge ukweli pale alipo. Mama muuza nyanya wa meza ya pili aliacha kupanga mafungu yake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza Fadhila kama huyu kijana ana homa.

Fadhila hakucheka. "Ukweli wako ni wa bure, Shakuru," alisema. "Anayeulipa ni mi."

Shakuru alitazama suruali za kuazima, akaona kwamba katika kila alichokisema mwenyewe hakukuwa na kitu kimoja kilichomgharimu. Hata lile shati la mahafali alinunuliwa na dada yake.

"Basi nitakwenda mi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nitalivaa shati lenyewe. Akicheka, anicheke mi. Akitukana, anitukane mi. Nitamwambia mi ndiye nilikudanganya."

Fadhila aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa akilikunja upya vazi alilokwisha kulikunja.

"Nilimwapia kwa Mungu yule mzee," alisema. "Mutu haapi kwa kitu asichokijua. Lakini mi nilisema nakijua, kwa sababu we ulikijua." Akamrushia shati moja kutoka kwenye mfuko uliokuwa chini ya meza. "Nenda. Lakini usimuongelee Kifaransa."

*

Katika korido ya wizara kulikuwa na benchi la wanaongoja, na Shakuru alikalishwa mwisho wake, pale watu wanapopita. Alikuwa amevaa ndege wa miguu mitatu, kwa kuwa alitaka kuwa mkweli kabisa. Ujasiri ulimtoka kabla ya nusu saa. Kila mtu alipopita aliweka kiganja juu ya kifua, mpaka karani mmoja wa kike, Caritas, mtu mwema, akasimama na kumuuliza kama ana ugonjwa wa moyo na kama angependa maji. Shakuru alisema ni sawa, ni mazoea tu. Caritas akamletea maji, na ikabidi ayanywe kwa mkono wa kushoto.

Mzee Salvator alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mizito, meza yake imejaa mafaili na moyo wake umejaa posa ya Jumamosi. Shakuru alikuwa amejiandaa kueleza kwa Kiswahili cha kawaida, maneno machache. Lakini woga ulipomshika, Kifaransa kilitoka chenyewe, akajikuta anamfafanulia mzee maana mbili za *réplique*, ya kwanza na ya pili, pamoja na mfano kutoka kwenye tamthilia. Mzee alimngoja amalize. Kisha akaulizia shati. Shakuru akaondoa kiganja.

Salvator aliinuka, akakamata kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili, akamvuta Shakuru mpaka karibu na miwani yake kama anavyovutwa ng'ombe mnadani.

"Iyi ni inkoko," alisema kwa Kirundi. Huyu ni kuku.

"Ndiyo, Mzee. Na makosa si ya dada. Mi ndiye nilisoma vibaya."

Salvator alimwachia, akarudi kuketi. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Unajua nani anakuja Jumamosi? Térence, baba mkubwa wa yule kijana. Ndiye atakuwa msemaji wao. Térence alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Vita vilipoanza yeye akaondoka, mi nikabaki. Miaka yote hii mi niko hapa na mishahara yetu hii, na mizinga hii. Sasa anarudi na korongo kifuani kuangalia kama mi bado ni mutu. Na we, mutoto, unataka nimpokee na kuku."

Shakuru alisema apana, Mzee, ndiyo sababu amekuja. Alimwambia kuhusu pesa, kwamba zimekwisha kwa kulipa ushuru, lakini kwamba yeye akipata kazi ya kufundisha angezilipa. Salvator alipunga mkono.

"Pesa haivaliwi. Nimeshawaambia ndugu zangu kwamba nguo zipo. Nipe mashati tisa ambayo hayatafanya nichekwe. Ukishindwa, Jumatatu nitakwenda Jabe kwa dada yako, nisimame mbele ya meza yake, niwaambie watu alichoniapia. Mi sitatukana. Nitasema tu kile alichosema."

Shakuru alijua, na Salvator alijua, kwamba hiyo ilitosha. Mwanamke wa sokoni anaweza kupoteza mzigo akapata mwingine. Akipoteza kiapo chake, hata mwenye meza ya nyanya hatamwachia ufunguo wa sanduku lake.

*

Siku ya Ijumaa, baada ya Shakuru kurudi kutoka msikitini, Fadhila alifunga meza mapema akaja nyumbani. Alikuwa amewaza njia nzima. Alichukua shati moja, akalilowesha kwenye beseni, akalisugua kwa nguvu, akalikamua. Maji yalibaki meupe. Akavuta mshono wa bega, akavuta wa kwapa, mshono ukashika. Akaliweka mkononi na kulipima kama anavyopima mtu unga.

"Kitambaa kizuri," alisema, kana kwamba jambo hilo linamuudhi. Akatazama kifuani. "Shati halijadanganya. Aliyedanganya ni ndege."

Akaenda chumbani akarudi na nyembe tatu.

Walikaa mkekani wote watatu, karibu na mlango penye mwanga, wakafumua. Ilikuwa kazi ya subira: unakata uzi mmoja mgongoni mwa ndege, unauvuta taratibu kwa sindano, unashika mwingine. Kwanza mkia, kisha tumbo, kisha kile kishungi. Mizinga ilisikika mara mbili kutoka upande wa milimani, na kila iliposikika mikono ilisimama kidogo, halafu ikaendelea. Shakuru alitoboa shati la kwanza alilopewa, akapewa la miguu mitatu alilokuwa amekwishalivaa, ili akiharibu aharibu lake. Nyuzi za bluu zikaanza kujaa katikati ya mkeka kama nywele za kinyozi. Mama alipomaliza ndege wake wa nne aliweka wembe chini akanyoosha mgongo.

"Leo nimechinja kuku wengi kuliko siku ya Idi," alisema, "na hakuna hata mchuzi."

Fadhila alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kartoni ifunguliwe, na Shakuru aliinamisha kichwa juu ya kazi yake ili isionekane jinsi kicheko hicho kilivyomfaa.

Lakini walipopiga pasi waliona tatizo. Ndege alikuwa ametoka, ila vitundu vya sindano vilibaki. Ukiwa mbali huoni kitu. Ukisogea unaona kifuani alama ndogo ndogo, nyingi, zilizokaa kwa umbo la ndege, kama vile alilala pale usiku kucha akaondoka alfajiri. Walinyunyizia maji, wakapiga pasi ya makaa tena, wakasugua kwa ukucha. Vitundu vikabaki.

"Wataona," Shakuru alisema.

"Waone. Tundu si uongo," alijibu Fadhila, akaanza kukunja.

Salvator aliyapokea nyumbani kwake asubuhi ya Jumamosi akiwa amevaa suruali ya suti na fulana. Aliyasogeza kwenye miwani, akapitisha kidole juu ya vitundu, akashusha pumzi ndefu. Muda wa kununua mengine haukuwapo. Alisema atalipa nusu ya salio, Fadhila akasema hata nusu ni nyingi, na wakaachana hapo. Kisha ikaletwa habari kwamba mmoja wa wale wanaume tisa, aliyekuwa atoke mlimani, hatafika; njia imefungwa tangu jana na askari wanarudisha watu. Mashati yalikuwa tisa na viti vilivyopangwa kwa wenye mashati vilikuwa tisa. Salvator alimtazama Shakuru kutoka kichwani hadi miguuni.

"Vaa we," alisema. "Ukae nyuma ya kaka yangu Astère. Usifungue mdomo."

*

Sherehe ilianza mchana mapema, maana kila mtu alitaka kuwa kwake kabla ya saa ya marufuku ya kutembea usiku. Chini ya maturubai wageni walikaa upande mmoja na wenyeji upande wa pili, wakitazamana, bia zikiwa katikati. Upande wa wageni korongo walisimama vifuani mwa watu, shingo ndefu, mguu mmoja umekunjwa. Shakuru, nyuma ya Astère, alikuwa na Fanta yake. Fadhila na Mama walikaa na wanawake wa mtaa, karibu na sufuria.

Posa ya Kirundi haiendi kwa mahari tu. Inaendeshwa kwa maneno. Msemaji wa wageni hurusha, msemaji wa wenyeji hudaka na kurudisha, na familia inayokosa la kurudisha huondoka na aibu hata kama ng'ombe wamehesabiwa. Mzee Astère alisifika kwa kazi hiyo. Alikuwa ametayarisha majibu ya maswali yote: ya njia, ya ukoo, ya binti aliyefichwa, ya jembe na mtungi. Yote yalikwenda vizuri mpaka Térence, mzee mrefu mwenye mvi safi na sauti ya redio, aliposimama na chupa yake akasogea hatua mbili, akayatazama mashati.

Alisema, kwa Kirundi chenye taratibu, kwamba wamefika kwa watu wema, na mashati yao ni meupe kama maziwa. Ila macho yake ya uzeeni yanaona jambo. Kifuani kwa kila mwenyeji kuna alama za ndege aliyekuwa pale, na ndege hayupo. Sasa yeye ana hofu.

"Tuambieni, ndege wenu wameruka kwenda wapi?" aliuliza. "Isije ikawa mnatupa mke leo, na kesho naye ameruka."

Wageni walicheka, wakapiga makofi. Lilikuwa pigo zuri, hata wenyeji walilikubali. Kisha kila mtu akamgeukia Astère. Katika majibu yake yote hakukuwa na la mashati. Salvator alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Kule kwa wanawake Fadhila alikuwa ameshika mwiko bila kukoroga, akimtazama mdogo wake, na Shakuru aliona katika macho yale meza ya Jabe, cherehani, na kiapo.

Aliinama mbele, mpaka sikioni mwa Astère. Alinong'ona maneno machache. Kwa bahati, kwa sababu ya woga au kwa sababu alikwisha kukatazwa, hakunong'ona kwa Kifaransa.

Astère alisimama. Alirekebisha kola, akaweka mkono juu ya vile vitundu.

"Mkwe wangu, umeona vizuri," alisema. "Ndege wetu walikuwapo. Waliposikia mizinga wakaogopa, wakaruka, wakaenda Ubelgiji. Sisi tukabaki kulinda kiota. Na leo tunashukuru Mungu, maana tunawaona wamerudi, wametua vifuani mwenu."

Wanawake walipiga vigelegele upande wa sufuria, na upande wa wageni vilevile, na vijana wakagonga chupa kwenye viti. Térence hakucheka mara moja. Alitazama chini, kwenye korongo wa kifuani mwake, kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokuwa amekibeba muda mrefu bila kukijua. Alivuka nafasi iliyokuwa katikati, jambo ambalo msemaji hafanyi, akampita Astère, akasimama mbele ya Salvator.

"Ni kweli, jirani," alisema. "Tuliruka."

"Kiota kipo," alisema Salvator, na miwani yake ikahitaji kufutwa tena.

Binti alitolewa. Kila mtu alimsifu Astère kwa jibu lake. Wengine walilirudia wakiwa bado wamekaa, na kila aliyelirudia alilirefusha kidogo. Shakuru alisikia maneno yake yakipita kutoka mdomo hadi mdomo, akatambua kwamba sasa ana jibu ambalo pia ni nakala, maana zote mbili za *réplique* kwa mara moja, na lile la asili wala halikuwa na jina lake. Alitaka sana kumweleza mtu jambo hilo. Aliyekuwa jirani yake kwenye kiti alikuwa anakula.

Njiani kurudi Bwiza, Fadhila alimuuliza alimwambia nini yule mzee. Shakuru akasema hakumwambia kitu, alikuwa anamuuliza saa.

"Muongo," alisema Fadhila, akamshika mkono, kama alivyokuwa akimvusha barabara alipokuwa mdogo.

Jumatatu Salvator alikuja Jabe kweli. Alisimama mbele ya meza, soko likatazama, akatoa nusu ya pili ya salio ambayo hakudaiwa, akaondoka bila kusema lolote isipokuwa salamu. Mchana wakaja watu wawili waliokuwa kwenye posa, wakiulizia yale mashati ya kiota. Siku ya pili wakaja wengine. Fadhila aliyafumua yaliyobaki kwenye kartoni, akayauza kwa bei ya shati la kawaida, na kwa kila mteja aliweka kidole juu ya vitundu kwanza, akaeleza kilichokuwapo na kwa nini kimetolewa. Faida ilikuwa ndogo. Cherehani haikurudi. Ila mwisho wa mwezi meza ilikuwa na vitu vyake yenyewe, na suruali za kuazima zilirudi kwa mwenyewe.

Alimwomba Shakuru aandike kibao ili asichoke kueleza. Shakuru alileta kipande cha kartoni ile ile na kalamu nene, akapiga magoti, akaandika kwa herufi nzuri: MASHATI YA KIOTA, NDEGE HAYUPO. Ilikuwa imetosha. Lakini chini palibaki nafasi, na nafasi tupu ilikuwa inamsumbua kila siku mtu yule, akaanza herufi ya R na juu ya E inayofuata akaweka alama ndogo ya mkwaju.

Fadhila alimnyang'anya kalamu.

"Acha," alisema. "Kifaransa nacho kipumzike."